Jóhannes wa Borg na neno níð

Nilikutana na mtu huyu nikitafuta maneno ya mieleka katika lugha mbalimbali. Nitamwita Jóhannes tu: Jósefsson maana yake ni mwana wa Josef, na Waislandi huitana kwa jina la kwanza.

Alizaliwa mwaka 1883 kule Akureyri, kaskazini mwa Islandi, nchi ikiwa bado chini ya mfalme wa Denmark. Mchezo wake ulikuwa glíma, mieleka ya jadi. Wawili husimama wima, wameshikana mikanda ya kiunoni na mapajani, wakizunguka kwa hatua kama wacheza dansi, kila mmoja akitazama juu ya bega la mwenzake. Mbinu kuu ni nane. Mojawapo, hælkrókur, ni kumnasa mwenzako kwa kisigino. Anayegusa chini kwa sehemu ya mwili iliyo kati ya kiwiko na goti ameanguka. Lakini kumwangukia au kumkandamiza chini kwa nguvu ni níð, na ni marufuku. Katika Kiislandi cha kale neno hilo ni tusi la kumvunjia mtu heshima. Ukilitafsiri kwa "kosa" tu, heshima imepotea.

Mwaka 1907 Jóhannes aliapa kwamba hataangushwa Þingvellir mbele ya mfalme Frederik VIII. Ushindi ukaenda kwa Hallgrímur Benediktsson. Hakuacha. Mwaka 1908 alikwenda na wenzake Olimpiki ya London kuonyesha glíma. Yeye mwenyewe alishindana pia katika mieleka ya Kigiriki na Kirumi, akaumia, akamaliza wa nne. Medali ya shaba ikachukuliwa na Mdenmark. Mwaka huohuo alitoa kitabu kwa Kiingereza, Icelandic Wrestling, jina la nchi yake likiwa mbele.

Baadaye alizunguka Ulaya na Marekani na sarakasi, kisha akarudi Reykjavík kujenga Hótel Borg, iliyofunguliwa mwaka 1930. Ndiyo maana walimwita Jóhannes wa Borg. Alifariki mwaka 1968, Islandi ikiwa jamhuri tangu 1944.

Katika daftari langu la utafiti, maneno ya michezo ya kijijini kwetu niliyaandika kwa Kifaransa peke yake, nikiona yanatosha. Bibi aliyenipa maneno hayo ana zaidi ya miaka 80. Likizo hii narudi kumuuliza upya.