Ibn Majid, mwalimu wa bahari aliyefundisha kwa mashairi

Sisi wakaaji wa kando ya ziwa Kivu na Tanganyika tunajua hofu ya kusafiri usiku: taa za ng'ambo zikipotea, mtu hajui tena mbele ni wapi. Sasa fikiria bahari kubwa, ambako mashua inaweza kumaliza wiki tatu bila kuona nchi kavu. Zaidi ya miaka 500 iliyopita, mtu mmoja alijipa kazi ya kufundisha wengine wasipotee humo. Jina lake ni Ahmad ibn Majid.

Alizaliwa mu karne ya 15 kule Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, katika Falme za Kiarabu. Baba na babu yake walikuwa wanaongoza vyombo ku Bahari ya Shamu. Kwa Kiarabu, mtu wa kazi hiyo aliitwa muallim. Neno hilo njo lilituzalia "mwalimu".

Kitu kimoja alichotumia ni dira, ile wengi kwetu tunaita busola. Ni sindano ya chuma iliyosuguliwa ku jiwe la sumaku. Ukiiacha izunguke yenyewe, ncha moja inatazama kaskazini. Mabaharia waligawa duara la dira mu sehemu 32. Mbili ni kaskazini na kusini. Zile 30 zilipewa majina ya nyota 15: pale kila nyota inapotokea mashariki, na pale inapozama magharibi.

Lakini sindano peke yake haitoshi. Inaonyesha upande, haisemi umefika wapi. Kwa hiyo muallim alinyoosha mkono, akapima kwa vidole urefu wa nyota ya kaskazini juu ya maji. Ukienda kusini, nyota inashuka. Ukirudi kaskazini, inapanda. Tena alipaswa kujua majira ya pepo, na alama za nchi kavu iliyo karibu, kama vile ndege na rangi ya maji.

Maarifa haya yote yangeweza kufa pamoja naye. Ibn Majid aliyaandika, na mara nyingi kwa mashairi, juu shairi linashika ndani ya kichwa hata kama chombo kinayumba. Shairi moja linaeleza njia ya Sofala, pwani ya Msumbiji. Mwaka wa 1490 hivi alimaliza kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawaid.

Kisha kifo chake, jina lake lilibebeshwa mzigo. Mwezi wa nne 1498, Vasco da Gama alipata kiongozi kule Malindi, akafika India mu wiki tatu na siku chache. Mwandishi mmoja wa Makka alisema ni Ibn Majid aliyewaonyesha Wareno njia. Lakini habari za Wareno wenyewe zinataja mtu wa Gujarati, na wachunguzi wengi wa leo wanaona si yeye. Hata hivyo, kuko watu wanaomjua kwa mashitaka hayo tu, ijapokuwa kazi yake ilikuwa kufundisha.

Ku maziwa yetu pia, wazee wa mitumbwi wanajua pepo na nyota kwa kichwa. Kijana mwenye daftari, mzee wako angali hai? Nenda umuulize.