ROBERT SERUMAGA: MWIGIZAJI ALIYESEMA BILA MANENO

Muhula uliopita baba yangu alinitaka niachane na maigizo nishike hesabu, kwa sababu jukwaa halimpi mtu ugali. Sikuwa na la kumjibu. Ndipo mwalimu wetu mmoja akanisimulia habari za Robert Serumaga wa Uganda, majirani zetu hapo tu ukivuka Malaba. Hebu nami niwasimulie.

Serumaga alizaliwa mwaka wa 1939. Jamaa alikuwa na kichwa kweli kweli! Alisomea uchumi katika chuo cha Trinity, mjini Dublin, Ireland. Mtu kama huyo angekaa zake benki akala raha. Lakini wapi! Aliporudi nyumbani katika miaka ya 1960 aliingia jukwaani. Aliigiza, akaongoza michezo na kuandika pia. Mwaka wa 1969 alitoa riwaya, Return to the Shadows, na mwaka wa 1971 mchezo wa Majangwa, unaomhusu mpiga ngoma wa barabarani na mkewe.

Tarehe 25 Januari mwaka huohuo wa 1971, Idi Amin alitwaa serikali. Watu wakaanza kupotea. Neno moja tu lingeweza kumponza mtu. Sasa mwigizaji afanye nini, anyamaze? Serumaga hakunyamaza. Alianzisha kundi la Abafumi, yaani wasimulizi wa hadithi, akawafunza waigizaji wake kusema kwa mwili, kwa ngoma na kwa nyimbo. Mchezo wao wa Renga Moi, wa mwaka wa 1972, ulichanganya lugha kadhaa za Uganda. Mwaka wa 1974 ukaja Amayirikiti, jina la miti yenye maua mekundu. Huo haukuwa na mazungumzo hata kidogo! Mauaji yalionyeshwa kwa miondoko mitupu. Mwenye macho alielewa, lakini askari angemshika mtu kwa neno gani? Mwaka wa 1975 kundi hilo lilicheza Renga Moi hadi London.

Mwishowe Serumaga alikimbilia uhamishoni, akajiunga na waliompinga Amin. Amin alipong'olewa Aprili 1979, Serumaga alifanywa waziri wa biashara katika serikali ya Yusuf Lule. Serikali hiyo haikumaliza hata siku 70. Akarudi tena uhamishoni, na mwaka wa 1980 akafia hapa kwetu, Nairobi, akiwa mtu wa miaka arobaini hivi tu.

Habari hizi nilimpelekea baba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: kama huyo Serumaga alipita hesabu. Nikamwambia alipita. Basi tukapatana kwamba nishike vyote viwili. Kwa hiyo, wenzangu, mkiniona nahangaika na hesabu saa ya chakula cha mchana, msinicheke. Nataka saa kumi ikifika iwe ya jukwaa.