Lawrence wa Arabia: Msee Aliyekula Kilomita 800 kwa Nduthi na Mgongo Haukulia

Kama umewahi kutoka Nairobi hadi Msa na nduthi ya spoti, unajua mateso yanaanzia wapi. Voi hata hujaiona na viganja vishakufa ganzi, shingo imekauka, kiuno kinakuuliza kwani nauli ya SGR ilikushinda. Si ati nduthi ni mbaya. Ni venye imekulaza juu ya tanki, uzito wako wote unamwagika kwa mikono, na kwa sababu injini inataka mbio, wewe pia unaipatia mbio. Ukishuka unatembea ka mzee wa miaka themanini.

Sasa cheki. Kuna jamaa alidedi 1935, kabla babu yako ajue pikipiki ni nini, na alikuwa anapiga maili 500 kwa siku, mara nyingi tu, juu ya nduthi kali kuliko zote zilizokuwa zinauzwa Uingereza. Hiyo ni kama kilomita 805. Toka Nai, fika Msa, geuka, rudi mpaka karibu na Makindu. Siku zingine alikuwa anafikisha maili 700. Hapo sasa umeenda Msa, ukarudi Nai, na bado ukapitiliza mpaka Nakuru. Kwa barabara za miaka ya 1920, zenye mashimo, tairi nyembamba, taa za kubahatisha. Na mwenyewe alisema hiyo nduthi ilikuwa inampumzisha.

Jina lake unalijua. T. E. Lawrence, yule wa filamu ya Lawrence of Arabia ya 1962, ile ndefu ya zaidi ya masaa matatu iliyobeba Oscar saba. Watu wengi wanakumbuka ngamia na mchanga. Lakini ukiicheki tena utaona inaanza na pikipiki. Hawakuweka hiyo pikipiki hapo kwa urembo.

Thomas Edward Lawrence alizaliwa Agosti 1888 huko Tremadog, Wales. Nyumbani kulikuwa na siri. Mzae wake alikuwa mtu wa familia kubwa ya Ireland, akaacha mke na mabinti akahepa na yaya wa watoto, na huyo yaya ndiye mamake Lawrence. Hawakuwahi kuoana. Hata hilo jina Lawrence walijipatia tu. Kwa hiyo kijana alikua akijua mapema kwamba jina ni kitu unaweza kuvaa na kuvua, na hiyo itakuja kutusaidia mbele.

Mambo ya safari ndefu alianza nayo bila injini. 1908, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alizunguka Ufaransa na baiskeli zaidi ya kilomita 3,500 akikagua ngome za zamani. Mwaka uliofuata akaenda Syria, na huko akatembea kwa miguu kwenye joto zaidi ya kilomita 1,600, bado anatafuta ngome. Msee hakuwa na mwili wa kutisha. Alikuwa mfupi, kama futi tano na inchi tano. Lakini kuvumilia alijua.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkuta anajua Kiarabu na anaijua hiyo nchi, jeshi la Uingereza likampeleka kwa Waarabu waliokuwa wameasi utawala wa Waturuki. Julai 1917 akiwa na wapiganaji wa Kiarabu waliiteka Aqaba kwa kutokea upande wa jangwa, penye hakuna mtu aliwategemea. Kisha akapanda ngamia akavuka Sinai mpaka Suez kupeleka habari, kama kilomita 240, kwa siku mbili na kidogo. Hiyo sehemu nimeipitia haraka kwa sababu filamu ishakuonyesha.

Kenye filamu haikai nacho sana ni venye alirudi. Ndugu zake wawili walikuwa wamekufa vitani 1915. Waarabu aliopigana nao walikuwa wamepewa ahadi ya uhuru, na huku nyuma Uingereza na Ufaransa walikuwa washagawana ardhi kwa siri. Alijua. Mfalme George V alitaka kumpa heshima za kifalme 1918, akazikataa mbele yake. Wakati huohuo stori yake ilikuwa inaonyeshwa kumbini London, watu wanajaa, jamaa amekuwa staa bila kuomba. Usidhani ni kitu tamu kila mtu akikusifu kwa kitu wewe mwenyewe unakionea aibu.

Ndio akafanya kitu cha ajabu. Kanali mzima, 1922 akajiandikisha jeshi la anga kama askari wa cheo cha chini kabisa, jina la uongo, John Hume Ross. Magazeti yakamnusa, akatimuliwa mapema 1923. Akaingia kikosi cha vifaru huko Bovington, Dorset, kwa jina lingine tena, Shaw. 1925 wakamrudisha jeshi la anga. Alikuwa anafagia, anaosha vyombo, analala bwenini na vijana wa mtaa. Na nje ya bweni, chini ya turubai, kulikuwa na Brough Superior.

Hapa wacha tutulie kidogo, kwa sababu hii mashine ni stori peke yake. Brough zilitengenezwa Nottingham na msee anaitwa George Brough. Ile kali zaidi, SS100, ilitoka miaka ya katikati ya 1920, injini ya silinda mbili zilizokaa mfano wa V, karibu sisi elfu moja. Boda ya kwenu ni sisi 100 ama 150, kwa hivyo piga hesabu. Hiyo soo kwa jina ilimaanisha kila moja imehakikishwa kufika maili soo kwa saa, yaani kilomita 160, kabla ikufikie. Bei ilikuwa karibu pauni 170, pesa ambayo askari wa cheo chake hawezi kuota. Lawrence alinunua ya kwanza 1922, na mpaka anakufa alikuwa amemiliki saba, moja baada ya nyingine. Aliziita George wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba, na pia Boanerge, lile jina Yesu aliwapa Yakobo na Yohana kwa Biblia, wana wa ngurumo. Ukiskia moja ikiwaka utaelewa.

Lakini cheki hapa. Septemba 1926 alimwandikia George Brough barua kumshukuru, kwamba amefikisha maili 100,000 kwa Brough tano tangu 1922. Hiyo ni kilomita 160,000, sawa na kuzunguka dunia mara nne. Na kwa hiyo barua alieleza venye anaendesha, na ndio sehemu mimi nilirudia kusoma mara tatu.

Hakuwa anaikamua. Nduthi yenye ingeweza kufika maili 90 na ushee kwa saa, yeye safari ndefu aliichapa kwa maili 50 na kidogo, kama kilomita 80. Kwa huo mwendo injini ile kubwa ilikuwa inazunguka polepole, nguvu iko lakini kelele na mtetemo hakuna, na yeye amekaa wima, usukani umemfikia penye mikono yake inafika. Brough alikuwa anapima mteja. Hiyo ndio ilimpa utulivu. Akifika mjini alikuwa anatambaa kabisa, hana haraka na watoto na punda, kwa sababu alijua barabara ikifunguka atarudisha dakika zake. Na bado, ukijumlisha siku nzima, wastani wake ulikuwa maili 40 hadi 42 kwa saa. Mse wa mbio za fujo halafu kusimama kila kilomita hamsini kunyoosha mgongo hawezi pata hiyo.

Ukiuliza wazee wa nduthi leo watakuambia hayohayo. Shika tanki na magoti, wacha tumbo na mgongo vibebe kifua, mikono ikae legevu ka unashika kifaranga. Nguvu ya mashine ni akiba, si bili ya kulipa kila dakika. Lawrence alifika hapo bila YouTube.

Si kwamba hakuwa na wazimu wake. Akiwa kambi ya Cranwell, Lincolnshire, siku moja ndege ya kivita ya Bristol ilishuka chini juu ya barabara, akashindana nayo. Ameiandika kwa kitabu chake cha maisha ya kambini, The Mint. Na unajua hiyo safari ilikuwa ya nini? Shopping. Alienda Lincoln akanunua bekoni, Nottingham akachukua soseji, akajaza mifuko ya nyuma ya kiti, akaongeza mayai kumi na tano ndani ya boksi lililotandikwa kitambaa laini yasivunjike. Zote za kupelekea mbogi ya bwenini. Mayai kumi na tano, manze, kwa nduthi ya maili soo. Kama unataka kujua kama mtu anajua kuendesha, mpatie mayai.

Mwishoni mwa 1926 alipelekwa kule India ya Waingereza, akakaa Karachi na Miranshah mpaka mwanzo wa 1929. Karibu miaka miwili bila Boanerge. Aliporudi akawekwa Plymouth, na 1931 akaona kwa macho yake ndege ya majini ikianguka na watu wakifa kwa sababu boti za kuokoa zilikuwa zinatambaa. Akajitoa mzima kusaidia kutengeneza boti za kasi za jeshi la anga. Askari wa cheo cha chini, anabishana na wakubwa kuhusu injini na umbo la boti. Alijua mtu anaweza kuokolewa kama kuna mtu amefikiria mapema.

Helmeti hakuwa nayo. Wakati huo ilikuwa kitu cha watu wa mashindano. Wewe wa barabara ulivaa kofia ya kitambaa na miwani, ukageuza kofia isipeperuke, ukaenda.

Machi 1935 alikuwa ametoka jeshini. Alikuwa na keja yake ndogo Clouds Hill, Dorset, haina umeme, vitabu kibao na gramafoni. Miaka 46. Asubuhi ya Mei 13 aliwasha Brough yake ya saba, namba GW 2275, akaenda kambi ya Bovington karibu hapo kutuma telegramu ya kumkaribisha rafiki kwa lanchi. Safari ya kilomita chache tu. Haikuwa ya 800.

Akirudi, barabara ina sehemu inashuka na kupanda, huoni mbele. Vijana wawili walikuwa na baiskeli zao hapo. Alipowaona alipinda kuwakwepa, akagusa mmoja, akarushwa juu ya usukani, kichwa kikatangulia. Vijana waliishi. Yeye alilala hospitali ya kambi siku sita bila kuamka, akafa Mei 19. Alizikwa Moreton Mei 21, Churchill alikuwa kwa hayo matanga.

Kati ya madaktari walioitwa kwa kitanda chake alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, mpasuaji wa ubongo. Hakuweza kumsaidia. Lakini hakuiacha hiyo kesi. Vita vya Pili vilipoanza, jeshi lilijaa vijana wa kupeleka ujumbe kwa pikipiki, usiku, taa zimefunikwa kwa sababu ya ndege za maadui. Miezi 21 ya kwanza ya vita, watu 2,279 walikufa kwa pikipiki barabarani Uingereza, waendeshaji na waliobebwa. Oktoba 1941 Cairns alichapisha utafiti. Katika kesi alizochunguza, kitu kilichokuwa kinawaua zaidi ni kichwa. Alipata waendeshaji saba tu walioumia wakiwa na helmeti, na hakuna kati yao alikufa. Saba ni wachache, na jeshi lingeweza kumpuuza. Halikumpuuza. Mwezi uliofuata, Novemba, helmeti ikawa lazima kwa askari wote wa pikipiki wakiwa kazini.

Raia wa Uingereza walingoja mpaka 1973 ndio ikawa sheria kwa kila mtu. Cairns alikuwa ameshakufa tangu 1952. Kwetu sheria ya trafiki iko wazi, wewe na mwenye umembeba wote mnavaa, ingawa ukisimama stage yoyote asubuhi utahesabu ngapi zimening'inia kwa usukani zikingoja karao aonekane.

Na GW 2275? Haikuharibika vibaya. Ilirudishwa kwa Brough, ikatengenezwa, ikauzwa, na mpaka wa leo iko, imewahi kuwekwa makumbusho watu wanaipiga picha. Ile ya nane alikuwa ashaagiza. Alikuwa anaingoja.