Edgar Codd: Rubani wa vita aliyepanga data kwenye majedwali

Ukiangalia salio la benki kwenye simu, nyuma yake kuna majedwali. Wazo hilo ni la Edgar Codd, Mwingereza aliyezaliwa Portland mwaka 1923.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alirusha ndege za jeshi. Akasoma Oxford, na 1948 akavuka kwenda Marekani kufanya kazi IBM. Siasa za Seneta McCarthy za kuwinda wakomunisti zilimkera, akahamia Canada miaka kadhaa.

Enzi hizo kutunza data ilikuwa shughuli kwelikweli. Programu ilibidi ijue taarifa imekaa wapi na ifuate njia gani kuifikia. Msimamizi akibadili mpangilio tu, programu zinakwama, ziandikwe upya.

Mwaka 1970 Codd akaja na jibu: kila kitu kiwe kwenye majedwali, mtu aseme anachotaka, mashine yenyewe itafute njia. Msimamizi abaki huru kupanga diski zake.

Ungedhani IBM wangemshangilia. Wapi! Mfumo wao wa zamani, IMS, ulikuwa unawaingizia hela nzuri, wakajivuta. Larry Ellison na wenzake wakalichukua wazo, wakaingiza Oracle sokoni 1979. IBM walifuata 1981, mwaka uleule Codd alipopewa Tuzo ya Turing.

1985 akatoa kanuni za kupima mfumo upi ni wa majedwali kweli, maana wauzaji walishaanza kubandika jina hilo kwenye chochote. Alifariki Florida mwaka 2003, akiwa na miaka 79.