Kaisari Constantine na Fulusi Zake

Neno fulusi tulipewa na Waarabu, nao walilipata kwa Warumi wa mashariki, ambao sarafu yao kubwa ya shaba waliiita follis. Katika watawala wote wa Rumi, ambaye shaba yake imenishughulisha zaidi ni Kaisari Constantine.

Alizaliwa Naissus, katika nchi iitwayo leo Serbia, na mamake Helena hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Baba yake alipofariki York, Uingereza, mwaka 306, askari walimtawaza papo hapo. Mwaka 312 alimshinda hasimu wake Maxentius karibu na Roma, na tangu hapo akawa mlinzi wa Wakristo.

Lakini hebu tutazame shaba, maana dhahabu ilikuwa ya wakubwa, na shaba ndiyo iliyoshikwa na mchuuzi sokoni. Miaka kadhaa baada ya vita hivyo, sarafu zake ziliendelea kumwonyesha mungu wa jua, kichwani taji la miale, mkono mmoja ameuinua, wa pili ameshika tufe. Maandishi yalimtaja kuwa ni mwenzi wa mfalme! Wako wanaomwita Constantine mnafiki. Mimi naona alikuwa mtu wa kupima hatua zake, kwani raia na askari wake wengi walikuwa bado waabudu masanamu.

Jua lilipoondolewa, msalaba haukuchukua nafasi yake. Zilichorwa ngome na askari wenye bendera. Katika mji wake mpya, Constantinople, ambao leo ni Istanbul, ilitolewa mwaka 327 sarafu ya bendera yenye alama ya Kristo, ncha yake ikimchoma nyoka. Lakini hizo zilikuwa chache mno. Mwaka mmoja kabla, Constantine alikuwa ameamuru mwanawe Crispus auawe, na sura ya kijana huyo ikatoweka kwenye sarafu.

Constantine alifariki Mei 22, 337, karibu na Nicomedia, baada ya kubatizwa dakika za mwisho. Wanawe wakatoa sarafu ndogo ya shaba: upande mmoja kichwa chake kimefunikwa kitambaa, upande wa pili yumo katika gari la farasi wanne, kama mungu wa jua, na mkono unashuka kutoka mbinguni kumpokea. Maandishi ya pembeni yalimpa marehemu cheo kile kile cha uungu walichopewa makaisari wapagani waliomtangulia.