Mfahamu Émile Reynaud, mchora katuni aliyezitupa kazi zake mtoni

Ukifungua gemu kwenye simu na picha zikateleza bila kumetameta, jua kuna Mfaransa aliyeumiza kichwa na shida hiyohiyo karibu miaka 150 iliyopita.

Émile Reynaud alizaliwa Desemba 8, 1844 huko Montreuil, jirani na Paris. Baba yake alikuwa mchongaji wa nishani, mama yake akijua kuchora kwa rangi za maji. Yeye akachukua vyote viwili, ufundi na uchoraji.

Enzi zake tayari kulikuwa na kifaa cha kuchezesha michoro. Pipa dogo linazungushwa, wewe unachungulia kwenye vipenyo vyembamba ubavuni. Tatizo ni giza. Kila baada ya kipenyo kimoja jicho linazibwa kidogo, hivyo picha inakuwa hafifu na inawakawaka.

Mwaka 1877 Reynaud aliachana na vipenyo. Katikati ya pipa akaweka vioo 12, kila mchoro na kioo chake. Mchoro mmoja ukipita, unaofuata unashika nafasi palepale, giza halipati pa kuingia. Kifaa akakiita praxinoscope.

Waandika programu wa leo wana ujanja unaofanana na huo. Mchoro mpya unamaliziwa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mahali usipopaona, kisha unaletwa kwenye skrini ukiwa mzima. Ukifutwa na kuchorwa upya mbele ya macho yako, lazima umetemete.

Oktoba 28, 1892, kwenye jumba la sanamu za nta la Grévin jijini Paris, Reynaud alionyesha katuni zake kwenye pazia kubwa. Pauvre Pierrot pekee ilikuwa na picha 500, zote kachora na kupaka rangi kwa mkono. Mtambo nao alikuwa akiuzungusha mwenyewe, siku baada ya siku.

Lakini Desemba 1895 ndugu Lumière wakaja na sinema yao. Kamera ilinasa kwa muda mfupi tu kile ambacho Reynaud angekihangaikia kwa miezi. Alijaribu kushindana, wapi! Mwaka 1900 maonyesho yake yakafungwa, ingawa watu zaidi ya 500,000 walikuwa wameshayatazama.

Miaka kama kumi baadaye, akiwa amekata tamaa na mfukoni hana kitu, aliuvunja mtambo wake kwa nyundo. Filamu zake nyingi alizibeba akazitupa mto Seine.

Alifariki Januari 9, 1918 huko Ivry, kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea.

Kati ya katuni alizoonyesha Grévin zimebaki mbili, Pauvre Pierrot na Autour d'une cabine. Na ile Oktoba 28 ndiyo Siku ya Kimataifa ya Uhuishaji, inayoadhimishwa kila mwaka tangu 2002.