ALFRED BINET NA SWALI LA AKILI

Mpenzi msomaji, wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini hebu nikuulize: akili ni nini hasa? Ni kukumbuka, ni kuelewa, au ni alama za mtihani? Wengi wetu huyachanganya mambo haya kama githeri. Ndiyo maana nimeona nikusimulie maisha ya Alfred Binet, Mfaransa aliyejitahidi kuyachambua.

Binet alizaliwa mjini Nice mwaka wa 1857. Alisomea sheria, kisha akaiacha akajisomea saikolojia maktabani mjini Paris. Mwanzoni alipima vichwa vya wanafunzi, kwani siku hizo wataalamu wengi waliamini ati kichwa kikubwa ndicho chenye akili. Kumbe wapi! Tofauti alizopata zilikuwa ndogo mno. Nyumbani nako aliwachunguza mabinti zake wawili, Madeleine na Alice, akaona kila mmoja ana namna yake ya kufikiri.

Mwaka wa 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume kuhusu watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida, na Binet akawa mwanachama. Mwaka wa 1905 yeye na daktari Théodore Simon walitoa majaribio 30. Mtoto aliambiwa, kwa mfano, arudie tarakimu tatu, au aeleze tofauti ya nzi na kipepeo. La kwanza hupima kumbukumbu; la pili lahitaji kufikiri. Kusoma na kuandika hawakukupima, maana hayo hufundishwa darasani. Kwa Binet, kiini cha akili kilikuwa uwezo wa kuamua mambo vyema.

Nia yake ilikuwa mtoto asaidiwe, si adharauliwe. Katika kitabu chake cha 1909 aliwapinga waliodai kuwa akili haiongezeki. Yeye aliamini hukuzwa kwa mazoezi.

Alifariki mwaka wa 1911 akiwa na miaka 54. Mwaka uliofuata Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, ipatikane namba moja. Huko Marekani, watu kama Henry Goddard waliyatumia majaribio ya Binet kudai kuwa akili ni ya kurithi tu. Jamani, dawa ikageuzwa sumu!

Basi mwenzangu, alama huonyesha ulipofika siku ile ya mtihani. Utakapofika kesho ni jambo jingine, na usikubali mtu akuchanganyie hayo mawili.